Je, Wajua? Nani Mwingine Yumo Ndani ya Kompyuta Yako

Je, wajua kwamba kompyuta zilianza kuulizwa "nani yumo humu?" kabla hazijaingia majumbani? Mwaka 1971, toleo la kwanza la mfumo wa Unix lilikuja na amri ya herufi tatu tu: who. Ukiiandika, mashine inakutajia wote walioingia wakati ule, pamoja na saa walizoingia. Ilihitajika kwa sababu kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye meza yake. Amri hiyo ingalipo leo kwenye Linux na kwenye kompyuta za Apple, pamoja na wenzake wawili: w, inayoonyesha kila aliyemo anafanya nini, na last, inayotoa orodha ya walioingia siku zilizopita hata kama wameshaondoka.

Hali ya mwaka 1971 haiko mbali na hali ya nyumba nyingi za wilaya ya Kibiti, penye delta ya mto Rufiji. Kompyuta mpakato ni moja. Baba anaandikia mihtasari ya mikutano ya kijiji, binti wa kidato cha sita anasomea, mjomba akija kutoka Nyamisati anaomba atazame picha za harusi, na ikigoma kuwaka inapelekwa kwa fundi wa stendi, inalala huko mpaka kifaa kipatikane Dar es Salaam. Intaneti inatoka kwenye bando la simu ya mtu mmoja. Katika nyumba ya namna hiyo, anayeuliza kama kuna mwingine ameunganishwa kwenye kompyuta yake, jibu la kweli mara nyingi ni ndiyo. Cha kujua ni nani huyo, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani. Mwenye kompyuta ana haki ya kulijua hilo, na njia za kulijua anazo tayari, bila kununua chochote.

Tuanze na simu inayogawa bando. Simu nyingi za Android, ukifungua mpangilio wa hotspoti, zinakuonyesha orodha ya vifaa vilivyoungana, na usichokitambua unaweza kukizuia palepale. Mwenye ruta hufungua kivinjari na kuandika anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Usishtuke ukikuta majina ya ajabu. Kila kifaa cha mtandao kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 12, na zamani 6 za mwanzo zilitosha kukuambia kiwanda kilichokitengeneza. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibunia kitambulisho kipya kwa kila mtandao ili mwenyewe asifuatiliwe. Kwa hiyo jina halisaidii sana. Hesabu ndiyo inayosaidia. Zima vifaa vyote vya nyumbani unavyovijua isipokuwa kile unachotazamia. Kikibaki kingine kwenye orodha, huyo ndiye mgeni wako. Badilisha nywila, na tafadhali isiwe namba yako ya simu, maana mtaa mzima unayo.

Ila kuwa kwenye hotspoti yako si sawa na kuwa ndani ya kompyuta yako. Wa kwanza anakula bando. Wa pili anasoma mafaili. Wa kwanza amesogea karibu tu, hasa kama umewahi kufungua folda ya kushirikiana na wenzako. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net session, na utaona kama kuna aliyeingia kwenye folda zako kupitia mtandao wa ndani. Orodha ikiwa tupu, hakuna aliyeingia kwa njia hiyo wakati huo.

Na umbali? Wi-Fi ya kawaida hufika makumi ya mita, lakini mwaka 2007 mhandisi Ermanno Pietrosemoli aliunganisha vilele viwili vya milima nchini Venezuela, kilomita 382 kutoka kimoja hadi kingine, kwa vifaa vya Wi-Fi na antena zilizoelekezwa kwa makini. Delta ya Rufiji ni tambarare na haina milima ya namna hiyo, lakini mwenye antena nzuri ng'ambo ya mkono wa mto anaweza kuunasa mtandao ambao simu yake peke yake isingeuona.

Je, wajua kwamba matumizi ya mtandao ya saa zisizo na mtumiaji yamewahi kuwa ushahidi wa kimataifa? Makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, yaliyojengwa na China, yalizinduliwa Januari 2012. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba mafundi wa Umoja huo, mwaka mmoja nyuma, walikuta seva zao zikiwa na kazi nyingi kupita kiasi kila usiku kati ya saa sita na saa nane, wakati ofisi ni tupu. Kwa mujibu wa gazeti hilo, taarifa zilikuwa zikisafirishwa kwenda kwenye seva zilizoko Shanghai. China ilikanusha vikali, na viongozi wa Umoja wa Afrika nao waliyakataa madai hayo. Hoja yangu ni namna jambo lilivyoonekana: hakuna aliyemwona mtu yeyote, kilichoonekana ni matumizi ya mtandao saa ambayo hakuna mtumiaji.

Njia hiyo mkazi wa Kibiti anaimudu kabisa, na pengine anaimudu kuliko mwenye intaneti isiyo na kikomo, kwa sababu yeye huhesabu megabaiti kama anavyohesabu shilingi. Windows huweka hesabu ya kila programu kwa siku 30 zilizopita. Ifungue kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya matumizi ya data. Ukiona programu usiyoijua imekula gigabaiti, fuatilia hapohapo. Ukiona ni Windows yenyewe inajisasisha, hilo si jambazi. Iambie tu kwamba mtandao huo una kikomo, nayo itapunguza kupakua bila kukuuliza.

Kiasi kidogo nacho kinasema. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mwanaastronomia Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta senti 75 za dola zilizokuwa hazilingani katika hesabu ya matumizi ya kompyuta. Mtu alikuwa ametumia sekunde chache za mashine bila kulipiwa. Wengi wangeziandika kuwa hasara na kuendelea na kazi. Stoll aliazima mashine za kuchapa kutoka kwenye meza za wenzake mwishoni mwa wiki, akaziunganisha kwenye laini 50 za simu zilizoingia kwenye kompyuta ile, akalala sakafuni katikati yake. Kila alichokiandika mgeni kilichapwa kwenye karatasi. Ilimchukua miezi mingi, na hatimaye akatunga mafaili ya uongo, marefu na yenye kuvutia, ili mgeni akae muda wa kutosha simu ifuatiliwe. Ilipofuatiliwa iliishia Hannover, Ujerumani, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiuza siri kwa KGB ya Umoja wa Kisovieti. Kitabu cha Stoll juu ya mkasa huo, The Cuckoo's Egg, kilitoka mwaka 1989.

Leo huhitaji mashine 50 za kuchapa. Andika netstat -ano kwenye dirisha la amri la Windows na utapata orodha ya mawasiliano yote ya kompyuta yako ya wakati ule: anwani ya huku, anwani ya kule, hali yake, na namba ya programu inayohusika. Amri hii nayo ni mtu mzima. Ilikuja na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Wengi wanaoijaribu mara ya kwanza hupata hofu, kwa sababu mistari ni mingi na kwenye mingi imeandikwa ESTABLISHED, yaani mawasiliano yanaendelea. Hofu hiyo haina msingi. Kivinjari kimoja kikiwa na kurasa chache hufungua mawasiliano mengi, na karibu yote huenda kwenye mlango, yaani njia ya mawasiliano, namba 443, ambao ni wa tovuti za kawaida zilizosimbwa. Anwani ya 127.0.0.1 ni kompyuta ikiongea na nafsi yake.

Milango ya mtandao iko 65,535, kama delta yenye vinywa vingi ambayo vyombo hupita katika vichache tu. Tazama upande wa kompyuta yako. Ukiona mlango 3389 una mawasiliano yanayoendelea, kuna mtu anatumia huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Mlango 5900 ni wa programu za jamii ya VNC, zenye kazi hiyohiyo. 5938 ni wa TeamViewer, ila huo huonekana zaidi upande wa anwani ya kule. Kisha chukua namba ya mwisho wa mstari, andika tasklist, na utafute programu yenye namba hiyo. Utapata jina, na jina ndilo la kumwuliza fundi.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Anayetumia intaneti ya simu mara nyingi hana anwani yake mwenyewe kwenye intaneti. Anwani za mfumo wa zamani zimekwisha, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Aprili 2012 fungu maalumu la anwani lilitengwa kwa kazi hiyo, linaloanzia 100.64 mpaka 100.127. Matokeo yake ni kwamba mtu aliye Hannover au Shanghai hawezi kuigonga moja kwa moja kompyuta iliyoko Ruaruke au Mbwera. Hana pa kugonga. Lazima kitu kilichomo ndani ya kompyuta kipige simu kwenda nje na kumwita. Kitu hicho kimewekwa na mkono wa mtu: wako ulipobofya kiambatisho, wa mtoto alipopakua mchezo wa bure, au wa yule aliyeirekebisha.

Ndiyo maana programu kama AnyDesk na TeamViewer zinahitaji kutazamwa kwa macho mawili. Ni programu halali kabisa, na fundi mwema aliye Dar es Salaam anaweza kukusaidia kwazo ukiwa Salale bila wewe kupanda boti. Lakini zikishawekewa nywila ya kudumu, aliyeiweka anaweza kurudi usiku wowote kompyuta ikiwa mtandaoni. Zote mbili huandika kumbukumbu. TeamViewer hutunza faili liitwalo Connections_incoming.txt, na AnyDesk hutunza connection_trace.txt, na humo mna walioingia na saa walizoingia. Kazi ya fundi ikiisha, soma faili hilo, kisha ondoa programu. Ukiihitaji tena utaiweka upya.

Delta ya Rufiji ina kisa chake cha kulinda milango. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikono ya Rufiji, karibu na Salale, ikiwa imefunikwa matawi ya mikoko. Nahodha Max Looff aliweka walinzi kwenye vinywa vya mto na kuwaunganisha kwa waya za simu, ili chombo chochote kikisogea kutoka baharini apate habari mara moja. Manowari kubwa za Waingereza zilishindwa kuingia kwa sababu ya kina cha maji, zikabaki nje zikizuia njia. Aliyekwenda kuiona meli kwa macho yake alikuwa P. J. Pretorius, mwindaji kutoka Afrika Kusini aliyeijua Rufiji. Aliingia kwa siri, akiongozwa na wenyeji wenye kujua njia, na baadaye akapima kina cha mikondo bila walinzi kumgundua. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia wakatengeneza humo uwanja wa ndege. Julai 1915 zikaingia meli mbili za kina kifupi zilizoletwa kutoka Malta, Severn na Mersey, huku ndege ikizunguka juu na kuzitumia kwa redio habari ya kila kombora lilipoangukia.

Tarehe 11 Julai ndege hiyo, ikiwa na rubani Cull na mtazamaji Arnold, ilipigwa ikaanza kushuka, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka wakaangukia mtoni. Siku hiyohiyo mabaharia wa Königsberg waliizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ilitolewa na kutumika vitani nchi kavu. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa. Looff hakukosa ulinzi, na macho yake yalikuwa mahali panapofaa. Waliomwangusha ni wajuao njia za ndani, na jicho la angani ambalo aliliona lakini hakuweza kulinyamazisha kwa wakati.

Je, wajua kwamba kompyuta ya mtumba inaweza kuwa bado inamjua mwenyewe wa zamani? Kampuni ya Absolute Software ya Canada ina huduma iliyojulikana kwa jina la Computrace, ambayo viwanda kama Dell, HP na Lenovo viliipachika kwenye programu ya msingi ya kompyuta mpakato nyingi, ile inayoamka kabla ya Windows. Lengo lake ni jema: kompyuta ikiibwa ipatikane. Ila ikiwa iliwashwa na kampuni iliyoinunua kwanza, kubadilisha Windows hakuiondoi, na kubadilisha diski kuu hakuiondoi pia. Mnunuzi anayeletewa kompyuta ya mtumba aingie kwanza kwenye mipangilio ya BIOS, yaani ya programu hiyo ya msingi, na atazame sehemu ya usalama. Akikuta imewashwa, amrudie muuzaji kabla pesa haijatoka mkononi.

Mitumba ina jambo jingine: saa. Windows huandika kila anayeingia kwenye daftari la matukio, linalofunguka kwa kuandika eventvwr. Tukio namba 4624 maana yake mtu ameingia, na 4625 amejaribu akashindwa. Ndani ya tukio kuna namba ya aina: 2 ni aliyekaa mbele ya kibodi, 3 ni aliyekuja kupitia mtandao, na 10 ni aliyeendesha kwa mbali kupitia huduma ya Windows yenyewe. Hiyo 10 ndiyo ya kutafuta. Lakini kompyuta iliyokuja na saa za California itakuonyesha tukio la saa kumi na moja jioni kana kwamba lilitokea saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na unaweza kumshuku mtu asiyehusika. Rekebisha majira ya eneo kwanza. Na kama saa inarudi nyuma miaka kadhaa kila umeme ukikatika, kibetri kidogo cha CR2032 kimekufa, na tarehe za daftari hilo haziaminiki. Usimtuhumu ndugu kwa daftari lenye saa mbovu.

Kamera je? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kwenye baadhi ya kompyuta za Apple zilizotengenezwa kabla ya 2008, kamera iliweza kuwashwa bila taa yake kuwaka. Kipande cha karatasi na gundi kinatosha. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg alipiga picha ofisini, na kompyuta iliyoonekana nyuma yake ilikuwa imezibwa kamera hivyohivyo.

Lakini kwa Kibiti, mgeni wa kawaida kabisa ni yule uliyemwachia mlango kwenye kompyuta isiyo yako. Mwombaji wa mkopo wa chuo au wa kazi huenda stesheneri, hufungua WhatsApp yake kwenye kompyuta ya dukani ili vyeti vichapwe, hulipa, huondoka. WhatsApp inabaki wazi. Njia hiyo ya kuifungua kwenye kompyuta ilianza Januari 2015, na leo akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu. Vitaendelea kupokea kila ujumbe mpaka utakapoviondoa, au mpaka simu yako ikae zaidi ya siku 14 bila kutumika. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, soma orodha, toa usivyovijua. Akaunti ya Google nayo ina orodha yake ya vifaa. Ningeomba kila mwenye stesheneri awakumbushe wateja kabla hawajatoka; wengi wao wana haraka ya kuwahi gari, na hawalijui jambo hili.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inawatambua wageni wa namna hii vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila haki. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, kwa kutazama iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 5 kinamhusu yule aliyeruhusiwa kuingia, muda wake ukaisha, naye akabaki ndani. Huyo naye ana kosa. Kwa hiyo fundi aliyepewa nywila kwa kazi ya Jumatatu tu hana haki ya kuitumia Ijumaa.

Ukimkuta mtu, kata intaneti kwanza: zima hotspoti, usihangaike kufunga dirisha mojamoja. Piga picha ya skrini kwa simu, ikionyesha saa. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua akaunti zote nyingine. Usifute chochote mpaka polisi wameona.

Na kwa laini za simu, ambazo ndizo zinazobeba intaneti yote hii: piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.